Watawa Walioshika Kalamu

Mtu asikiapo habari za watawa wa Misri ya kale hufikiri sala, kufunga, na kunakili Maandiko. Sisi nasi tulidhani hivyo. Lakini ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, karibu na magofu ya mji wa Jeme, yamechimbuliwa maandiko mengi ya Kikopti ya miaka ya 600 na 700, nayo yatuonyesha kazi nyingine.

Mambo madogo waliyaandika kwa wino juu ya vigae vya mitungi iliyovunjika na vipande vya mawe ya chokaa, maana vitu hivyo havikununuliwa. Mkulima akikopa nafaka ailipe wakati wa mavuno, aliweza kumwendea padre au mtawa ajuaye kuandika. Mwandishi aliongeza kwamba fulani amemwomba, naye amemwandikia kwa kuwa yule hajui kuandika. Asiyejua alitia alama ya msalaba, kisha mashahidi. Mwalimu aliyepata kuitwa jioni amwandikie jirani hati ya deni atafahamu uzito wake: shamba la mtu limo katika ncha ya kalamu ya mwingine.

Hata wakubwa walihitaji msaada. Abraham, askofu wa Hermonthis, aliyekuwa pia mkuu wa monasteri ya Mtakatifu Phoibammon, hakujua Kiyunani, na wasia wake uliandikwa kwa Kiyunani. Basi ilielezwa humo kwamba maneno yake yalifasiriwa kwake kwa lugha ya Kimisri. Monasteri akamwachia Victor, padre na mwanafunzi wake.

Zipo na hati zilizotusumbua. Katika miaka ya 700 wazazi wa Jeme walitoa wana wao kwa monasteri hiyo, na hati zipatazo 26 za namna hiyo zimesalia. Ziliandikwa na waandishi wa mji, si watawa peke yao. Mara nyingi kisa ni kimoja: mtoto aliugua, wazazi wakaweka nadhiri, akapona, wakamzuia nyumbani, ugonjwa ukarudi, ndipo wakamtoa. Kazi zake zatajwa: kufagia, kunyunyiza maji, kutunza taa. Anenaye katika hati hizo ni baba au mama, na yule mtoto hana neno.