Saudi Arabia: milango ya sinema imefunguka, lakini midomo bado imefungwa

Kila mwaka kuko Waislamu wa Kasongo, Kindu, Uvira na Bukavu wenye wanachanga feza kidogo kidogo ili wafike hija Maka. Kwao, Saudi Arabia ni inchi ya misikiti miwili mitakatifu. Kwa vijana wengi ni inchi ya petroli na ya timu za mupira zenye zinalipa wachezaji feza isiyo na hesabu. Lakini tangu miaka kumi hivi, ndani ya ule ufalme kuko jambo lingine linaendelea: familia ya kifalme inabadilisha mapatano ya zamani kati yake na masheikh, mapatano yenye yaliusimamisha ufalme wenyewe.

Ili kuelewa, tuanze na tarehe. Kwa miaka mingi, watoto wa shule kule walifundishwa kwamba dola ya kwanza ya Wasaudi ilianza karibu mwaka wa 1744. Ndio wakati Muhammad bin Saud, mukubwa wa kijiji cha Diriyah karibu na Riyadh, alimupokea Sheikh Muhammad bin Abdulwahhab, muhubiri mwenye alikuwa amefukuzwa kwao. Yule sheikh alifundisha kwamba kuomba kwenye makaburi ya watakatifu ni ushirikina, na kwamba Uislamu unapaswa kurudi vile ulivyokuwa mwanzoni. Wakapatana: mumoja alete upanga, mwingine alete baraka za dini. Watoto wao wakaoana, na mapatano yakaendelea kizazi kwa kizazi. Wajukuu wa sheikh, familia ya Al al-Sheikh, wamekamata vyeo vikubwa vya dini mpaka siku hizi.

Sasa, mwezi wa kwanza 2022, Mufalme Salman alitia sahihi amri ya kuweka sikukuu mupya, Siku ya Kuanzishwa, tarehe 22 mwezi wa pili. Ile amri inasema dola ilianza mwaka wa 1727, wakati Muhammad bin Saud alikamata utawala wa Diriyah. Tofauti ni miaka 17 tu. Lakini mu ile miaka 17, sheikh alikuwa hajafika bado Diriyah. Maana yake iko wazi: ufalme unasema ulizaliwa bila yeye.

Si jambo dogo. Kwa karibu karne mbili na nusu, kila upande ulijua sehemu yake. Mufalme alikuwa na jeshi, feza na urafiki na inchi za inje. Masheikh walikuwa na tribinali, mafundisho ya shule, misikiti, na zaidi sana maisha ya wanawake. Hata sheria ya musingi ya 1992 inasema kwamba katiba ya inchi ni Kurani na Suna ya Mutume. Hakuna vyama vya siasa. Baraza la Shura liko na watu 150, wote wanachaguliwa na mufalme, na kazi yao ni kutoa mashauri.

Hata hivyo mutu asifikiri masheikh ndio walikuwa wanatawala. Kila mara dini na kiti cha mufalme vilipogongana, kiti ndicho kilishinda. Mufalme Abdulaziz, mwenye alitangaza ufalme wa leo mwaka wa 1932, alipata ushindi wake kwa musaada wa wapiganaji wa dini walioitwa Ikhwan. Walipotaka kuendeleza vita mpaka Irak, kwenye Waingereza walikuwa, yeye aliwavunja kwa silaha kule Sabila mwaka wa 1929. Masheikh wakubwa walisimama upande wake. Mwaka wa 1990, wakati Irak iliingia Kuwait, serkali ilitaka askari wa Marekani waje kulinda inchi. Waislamu wengi walikasirika. Lakini Sheikh Bin Baz na wenzake walitoa fatwa ya kuruhusu.

Mwaka wenye watu wanautaja zaidi ni 1979. Tarehe 20 mwezi wa kumi na moja, saa za sala ya alfajiri, mutu mumoja anaitwa Juhayman al-Otaybi, askari wa zamani wa Gadi ya Taifa, aliingia na mamia ya watu wake wenye silaha mu Musikiti Mukubwa wa Maka. Walitangaza kwamba Mahdi amekuja na kwamba familia ya kifalme imepotoka. Serkali haikuweza kupiga risasi pale bila ruhusa ya dini, maana mahali pale hata kuua mududu ni matata. Masheikh walitoa fatwa. Vita ya musikiti ilichukua wiki mbili, mamia ya watu wakafa, na mwanzo wa 1980 watu 63 wakakatwa vichwa kwenye miji mbalimbali.

Fatwa ile haikuwa ya bure. Kisha pale, serkali iliua Juhayman lakini ikakubali sehemu ya mambo aliyokuwa anadai. Sinema zilifungwa, polisi ya dini ikaongezewa feza na nguvu, sura za wanawake zikapunguka mu televisheni. Mufalme Fahd mwenyewe, mwaka wa 1986, aliacha kuitwa "Mutukufu" akachagua jina la Mutumishi wa Misikiti Miwili Mitakatifu.

Mohammed bin Salman, mwana wa mufalme na murithi wa kiti tangu mwaka wa 2017, anapenda kusema kwamba mbele ya 1979 Wasaudi walikuwa watu wa kawaida, na kwamba yeye anarudisha tu Uislamu wa kiasi. Hapo anasema nusu ya kweli. Wanawake hawakuwa wanaendesha motokari kwa ruhusa mbele ya 1979. Shule za serkali za wasichana zilianza tu mwaka wa 1960, na ziliwekwa chini ya masheikh ili wakubali. Na kisha 1979, kila amri ngumu ilipita mu mikono ya mufalme. Kutupa kosa lote kwa masheikh na kwa Iran ni kama muzazi mwenye analaumu mujakazi juu ya tabia ya mutoto.

Namna wasichana walivyolipa bei ya mapatano yale ilionekana mwezi wa tatu 2002. Shule moja ya wasichana ya Maka iliwaka moto na wasichana 15 wakafa. Magazeti ya Saudi Arabia yenyewe, ambayo kwa kawaida yanaogopa, yaliandika kwamba polisi ya dini ilizuia wasichana kutoka inje juu hawakuwa wamejifunika sawasawa. Serkali ilikanusha. Lakini haikupita hata mwezi, masomo ya wasichana yaliondolewa mu mikono ya masheikh yakapelekwa kwa wizara ya elimu.

Kwa hiyo njia ilikuwa imeanza kufunguliwa kitambo. Chenye kilibadilika kisha Salman kuwa mufalme mwaka wa 2015 ni mwendo. Mwezi wa ine 2016, polisi ya dini ilinyanganywa haki ya kukamata na kufuatilia watu. Mwezi ule ule, murithi akatangaza Maono ya 2030, mpango wa kutoa uchumi mu kutegemea petroli tu. Mwezi wa kwanza 2017, Mufti Mukuu alikuwa bado anasema sinema na miziki ni upotovu. Mwaka mumoja na miezi mitatu kisha, sinema ilifunguliwa Riyadh, ya kwanza tangu zaidi ya miaka 35. Mufti alibaki kwenye kiti chake, na sinema ikaendelea.

Hata sauti za misikiti ziliguswa. Mwaka wa 2021, wizara ya mambo ya Kiislamu iliamuru spika za inje zisipite theluthi moja ya nguvu zake, na zitumiwe kwa azana na ikama tu. (Wakaaji wa mitaa ya Bukavu na Goma wenye hawalali juu ya makesha ya makanisa, bila shaka watasoma habari hii mara mbili.)

Wanawake ndio walipata mabadiliko makubwa zaidi. Tarehe 24 mwezi wa sita 2018, walianza kuendesha motokari kwa ruhusa. Mwaka wa 2019, mwanamuke mwenye kupita miaka 21 akaruhusiwa kupata paspoti na kusafiri bila idhini ya baba, bwana ao kaka. Leo mwanamuke mumoja kwa watatu yuko mu soko la kazi. Mwaka wa 2017 walikuwa hata mumoja kwa watano hawafiki. Hayo ni mambo ya kweli, na ni kosa kuyaita mapambo tu. Hesabu ya wakaaji ya 2022 ilionyesha kwamba kati ya Wasaudi wenyewe, 63 kwa mia hawajafika miaka 30. Vijana wale hawana kumbukumbu ya Juhayman. Wengi wanafurahi kwenda konseri na kula mu restora bila mutu wa kuwauliza uko na nani.

Lakini angalia miezi. Wiki chache tu mbele ya ile tarehe 24, mwezi wa tano 2018, serkali ilikamata wanawake wenye walikuwa wanadai haki ya kuendesha motokari. Mumoja wao, Loujain al-Hathloul, alisema aliteswa mu jela, serkali inakataa. Mwisho wa 2020 alihukumiwa miaka mitano na miezi minane kwa sheria ya kupambana na ugaidi, akatolewa mwezi wa pili 2021 pamoja na katazo la kusafiri inje. Chenye alikuwa anadai kilikuwa tayari kimekuwa sheria ya inchi.

Na mwaka mumoja mbele, mwezi wa tisa 2017, Sheikh Salman al-Awda alikamatwa. Huyu ni muhubiri mwenye mamilioni ya wafuasi kwenye Twitter. Wakati habari za mapatano na Qatar zilipotoka, aliandika dua kwamba Mungu apatanishe mioyo kwa faida ya watu. Mwendesha mashtaka akamuombea hukumu ya kifo. Mwanamuke mwenye kutaka uhuru, na sheikh mwenye kuomba amani: kwa mawazo hawafanani, lakini wote wawili waliingia buloko. Kosa lao ni moja. Kila mumoja alisema jambo kutoka kwake mwenyewe, hakungoja litoke juu.

Hapo ndipo mapatano mapya yanaonekana. Zamani mufalme aliwaachia masheikh jamii, naye akabaki na siasa. Sasa amechukua vyote viwili. Kufungua sinema na kufunga midomo si mambo mawili yenye kupingana, kama vile magazeti ya Ulaya yanapenda kuandika; ni kazi moja ya mukono mumoja. Sheikh mwenye anaweza kukataza konseri anaweza pia siku moja kukataza vita ya Yemen. Mwanamuke mwenye anaweza kushinda haki kwa kudai anaweza kudai ingine. Matajiri na wana wa kifalme walipata fundisho lao mwezi wa kumi na moja 2017, walipofungiwa mu oteli Ritz-Carlton ya Riyadh juu ya mashtaka ya rushwa. Muandishi Jamal Khashoggi aliuawa mwezi wa kumi 2018 ndani ya ubalozi mudogo wa inchi yake muji wa Istanbul. Na tarehe 12 mwezi wa tatu 2022, serkali yenyewe ilitangaza kwamba imeua watu 81 siku moja. Karibu nusu yao walikuwa Washia, watu wa mashariki, kwenye petroli inatoka.

Kuko tena kodi. Kwa miaka mingi, Musaudi hakulipa kodi ya mushahara, naye hakuuliza mambo ya serkali. Mwaka wa 2018 kodi ya vitu vinavyouzwa iliingia kwa 5 kwa mia, na mwaka wa 2020 ikapanda ghafula mpaka 15. Kura haikuongezeka. Uchaguzi wa mabaraza ya miji wa 2015, wa kwanza wenye wanawake walipiga kura, haujafuatwa na mwingine.

Wenye wanabaki nyuma ya yote ni wafanyakazi wa inje, zaidi sana wa nyumbani, kati yao wasichana wengi wa Kenya na Uganda. Marekebisho ya sheria ya kazi ya 2021 yalilegeza kidogo kamba ya kafala, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuhesabiwa.

Mambo haya yanagusa hata Waislamu wa mashariki ya Congo. Uislamu uliingia Maniema pamoja na wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar, watu wa Tippu Tip, na maulidi yao. Tangu 1961, Iniversite ya Kiislamu ya Madina inapokea wanafunzi wa Afrika kwa bursari, na wengi walirudi kwao wakisema maulidi ni bidaa. Mabishano yale yaligawanya misikiti Afrika Mashariki yote. Mwaka wa 2018, Mohammed bin Salman alisema kwamba ufalme ulieneza mafundisho yale inje kwa kuombwa na marafiki wa Magharibi, wakati wa vita baridi. Yaani, chenye watu waligombania hapa kama dini, kule kilikuwa pia siasa.

Kwa wenye wataenda hija, jambo moja la kazi. Bango na maneno ya siasa yamekatazwa Maka, na simu si salama kuliko mudomo. Mwaka wa 2022, mwanamuke mumoja Musaudi mwenye alikuwa anasoma Leeds, Uingereza, alihukumiwa miaka 34 juu ya maneno ya Twitter. Hukumu ilipunguzwa kisha, akatoka mwaka wa 2025. Alikuwa amerudi kwao kwa likizo tu.