Ushinde Kwanza Ndipo Tukusaidie

Ipo hoja ambayo ukiitoa Mpanda, iwe kwenye kikao cha madiwani au kijiweni pale stendi, utapigiwa makofi. Mkoa wetu wa Katavi bado mchanga, umezaliwa 2012. Watoto wanabanana madarasani, zahanati zinasubiri watumishi. Fedha ya serikali iende huko. Kijana mwenye digrii akitaka masters, ajilipie. Mkimbiaji akitaka msaada, alete medali kwanza. Wote wawili wamekwisha kupita wenzao, wanalilia nini tena?

Hoja hii huvaa kanzu ya huruma, ndiyo maana haijibiwi. Mimi naiona ni ya uvivu, na mikoa inayoumizwa nayo zaidi ni ya pembezoni kama Katavi.

Tuanze na mkimbiaji, kwa kuwa yeye anapimwa kwa saa na hakuna wa kubisha. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, akamzidi kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze. Siku ile kila mtu alikuwa ndugu yake Simbu.

Sasa turudi nyuma mwaka mmoja. Agosti 2024, Olimpiki ya Paris, Simbu huyuhuyu alishika nafasi ya 17. Medali yake ya dunia ya kabla ya hapo ilikuwa shaba ya London, mwaka 2017. Kati ya shaba ile na dhahabu hii imepita miaka minane. Kwa kanuni ya "lete medali kwanza", mtu huyu alikuwa wa kufutwa kwenye orodha zamani sana, arudi Singida kulima alizeti. Hakufutwa kwa sababu ni askari wa JWTZ. Mwezi ulipoisha mshahara uliingia, awe wa kwanza au wa 17, akala, akalala, akaamka kufanya mazoezi.

Wala si yeye wa kwanza. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch mwaka 1974, alikuwa mwanajeshi. Juma Ikangaa, bingwa wa New York Marathon mwaka 1989, mwanajeshi vilevile. Jeshi ndilo lililokuwa mfuko wetu wa michezo kabla hatujafikiria kuanzisha mfuko. Jirani zetu nao hivyohivyo: David Rudisha wa Kenya ni polisi, Joshua Cheptegei wa Uganda ni polisi. Ukitafuta bingwa wa Afrika Mashariki aliyesubiri ashinde ndipo ale, utatafuta sana.

Na yuko Suleiman Nyambui, fedha ya mita 5,000 pale Moscow mwaka 1980. Yeye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Texas kule El Paso. Mwanamichezo wa taifa na mwanafunzi wa chuo katika mwili mmoja, na aliyemweka shuleni ni Mmarekani. Sisi tulichangia bendera.

Badala ya kumlipa mtu anapojiandaa, sisi tumezoea kumsubiri airport na mfano wa hundi. Tangu Februari 2023 kuna "goli la mama", shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, na dau limekuwa likipanda. Sina ugomvi na furaha ya watu. Mimi mwenyewe bao likifungwa huruka. Ila wanaofunga mabao hayo wana mishahara tayari. Binti wa Inyonga anayewaacha wenzake mita 50 kwenye michezo ya sekondari ya Umisseta ana nini? Ana cheti, na safari ya kurudi kijijini. Anamaliza kidato cha nne, mbio zimekwisha. Upo Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, nao unapata mgao wake kutoka kodi ya michezo ya kubahatisha, na vijana wa Mpanda wanasuka mikeka kila Jumamosi kama vijana wa Kariakoo. Kuchangia tunachangia. Kambi je, iko wapi?

Nije kwa wasomi, ambako nakutana na ukaidi mkubwa zaidi. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na mamia ya bilioni inayotoa kila mwaka yanakwenda hasa kwa wa digrii ya kwanza. Ni sawa, wao ndio wengi. Samia Scholarship, iliyoanza 2022, nayo ililenga waliofanya vizuri sayansi kidato cha sita. Anayetaka shahada ya uzamili hukuta dirisha jembamba, na akiwa si mwalimu wa chuo huwa jembamba zaidi. Tunamwambia auze shamba.

Wakati huohuo, nenda Mpimbwe. Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi pale, Kampasi ya Mizengo Pinda, na nyuki ni miongoni mwa mambo yanayofundishwa, jambo la busara katika mkoa wenye asali ya Inyonga. Nauliza: mwalimu wa kampasi ile atatoka wapi? Mwenye digrii moja haruhusiwi kuwa mhadhiri hata msaidizi, lazima awe na masters. Anayesema masters ni anasa ya mtu binafsi anasema, bila kujua, kwamba kampasi ya Mpimbwe ibaki majengo, au iendelee kuazima walimu kutoka makao makuu ya chuo, Morogoro.

Au chukua utafiti. Monique Borgerhoff Mulder na mwenzake Tim Caro, wote waliofundisha chuo kikuu cha California kule Davis, wameandika juu ya Wapimbwe na wanyama wa Katavi tangu miaka ya 1990. Wamefanya kazi kubwa, nawashukuru. Lakini ni aibu kwamba mtu akitaka kujua ndoa za Wapimbwe zinavyofungwa na kuvunjika inabidi asome karatasi iliyoandikwa na mgeni. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha Katavi ilikuwa ikiongoza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana ujauzito. Namba hiyo tumeitaja kwenye kila warsha. Kujua kwa nini ilikuwa Katavi na si Rukwa kunahitaji mtu wa kukaa Mishamo na Majimoto mwaka mzima, anayesalimia kwa lugha za watu wa pale na kujua bibi gani aulizwe. Mtu huyo ni mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, na anahitaji kula.

Kumwambia ajilipie ni sawa na wakala wa pembejeo kumwambia mkulima avune kwanza ndipo apewe mbolea.

Wapo wanaosema masters nyingi ni za kupandia cheo, na mtu akishaipata anahamia Dodoma. Kweli kabisa, nawajua wengi. Basi hizo tusizilipie. Tulipie yenye swali la Katavi ndani yake: mto Katuma unaokauka kiangazi na viboko kubanana kwenye madimbwi, mpunga wa Mwamapuli, hiyo asali. Anayepokea fedha atie saini kutumikia mkoa miaka kadhaa. Mikataba ya namna hiyo serikali inaijua, haianzi leo.

Tuna halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Tanganyika, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe. Kila moja imlipie mwanafunzi mmoja wa uzamili na imtunze mwanariadha mmoja mwaka mzima, chakula, viatu, nauli, hata asiposhinda kitu. Ni watu 10. Madiwani wakiuliza fedha itatoka wapi, waanze na kasma ya fulana na mabango.