Jamani, hizi taa za Krismasi zinammulikia nani?

Najua nimekuwa kimya, test zimetubana ile mbaya na boom nalo limekata mapema kama kawaida yake. Ila kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi, na nisipolitoa hapa nitalitoa kwenye karatasi ya Saikolojia ya Elimu, na sidhani kama mwalimu atanipa maksi.

Ni hizi taa za sikukuu. Tangu mwisho wa Novemba jiji la Dar limeanza kuvaa vimulimuli. Panda daladala ya kwenda Posta saa mbili usiku, kaa dirishani, utaona mwenyewe. Minazi imeviringishwa taa kuanzia shina mpaka makuti. Maghorofa yamening'iniza nyota. Vituo vya mafuta navyo havitaki kubaki nyuma. Mbele ya hoteli moja kuna wale swala wa waya wenye pembe za ajabu, wanavuta kigari kisicho na matairi, na nyuma yao babu wa plastiki aliyejazwa upepo, amevaa koti la manyoya kwenye joto la nyuzi 32. Konda wa daladala yetu alimwangalia akasema, "Huyu mzee ataumwa." Gari zima likacheka.

Sasa jana tuko kwenye kimbweta, hoja ikaanza. Jamaa mmoja wa Sayansi ya Siasa, mzungumzaji kweli kweli, akasimama akasema taa hizi zipigwe marufuku. Sababu zake mbili: zinamaliza umeme wa wananchi, na ni kuiga wazungu. Akapigiwa makofi, tena na watu wa darasani kwangu. Mimi sikupiga, na hapa nataka kueleza kwa nini.

Tuanze na umeme. Mimi nasoma Ualimu, Fizikia na Hesabu, na nikiwa fildi nilifundisha kidato cha tatu hesabu hizi hizi: wati mara saa, gawanya kwa elfu, unapata yuniti. Wale watoto walikuwa wanazipiga kwa dakika tano. Hebu na sisi wasomi wa kimbwetani tujaribu. Waya mmoja wa taa 100 ndogo za LED, hizi zinazouzwa sasa Kariakoo, unakula kama wati 6. Uwashe saa sita kila usiku kwa siku 30. Unapata yuniti moja na kidogo. Kwa bei tunayonunua LUKU mtaani, takriban shilingi 356 kwa yuniti ukishajumlisha kodi (kama huko kwenye kundi la matumizi madogo), mwezi mzima ni shilingi 385 hivi. Hata za zamani, zile za waya wa kuwaka moto ndani, ambazo kwa taa 100 zilikula kama wati 40, zilikuwa hazifiki yuniti nane kwa mwezi.

Linganisha na kiyoyozi kidogo cha ofisini kinachokula wati 1,000 hivi. Saa moja ya kiyoyozi ni karibu sawa na mwezi mzima wa waya mmoja wa vimulimuli. Jengo likiwekewa nyaya mia mbili, ambazo ni nyingi sana, unazungumzia kama shilingi 77,000 kwa mwezi. Na zile skrini kubwa za matangazo kwenye makutano ya barabara, zinazowaka Januari mpaka Desemba na kutupofua macho, mbona hakuna aliyezitaja? Kwa hiyo ukitaka kupigania umeme wa wananchi anza na viyoyozi vinavyoachwa vinapuliza viti vitupu wikiendi. Usianze na nyota ya mama ntilie aliyoitundika kwenye banda lake ili wateja wajue na yeye ana sikukuu.

La kuiga sasa. Hapa jamaa ana nusu ya ukweli. Taa za umeme kwenye mti wa Krismasi zilianza New York mwaka 1882, na aliyezitundika, Edward Johnson, hakuwa padri wala mchungaji. Alikuwa mtu wa Edison, kwenye kampuni ya umeme. Alifunga taa 80, nyekundu, nyeupe na bluu, kwenye mti unaozunguka nyumbani kwake, mwaka ule ule kampuni ilipofungua kituo cha kuuzia umeme mjini humo. Yaani tangazo la biashara tangu siku ya kwanza! London nako maduka ya Regent Street yalianza 1954, Oxford Street ikafuata 1959, na lengo lilikuwa kuvuta wanunuzi. Kwa hiyo mwenye duka wa Dar anayeweka swala wa waya ili uingie ununue friji hajapotosha kitu. Ameiga sawasawa kabisa.

Lakini angalau wale wana giza lao. London katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, watoto wanatoka shule kumeshaanza kuwa giza. Kwetu Desemba ndiyo kipindi cha usiku mfupi kuliko wote, jua linazama kama saa moja kasorobo. Tumechukua taa, baridi tumewaachia.

Na nusu ya pili ya ukweli jamaa hakuisema. Kupamba kwa mwanga siku ya furaha hatukusubiri wazungu watufundishe. Pita mitaa ya Kisutu wakati wa Diwali uone mahekalu ya Wahindu yalivyo. Pita msikitini wakati wa Maulidi. Nenda kwenye harusi yoyote ya uswahilini, taa zinavutwa kutoka nyumba ya bwana harusi mpaka kwa jirani wa nne, jirani anachangia na soketi. Hakuna anayesema ni ukoloni mamboleo. Linalonichekesha ni kwamba tunasimika msonobari wa plastiki ndani ya geti, wakati nje mkrismasi wetu umewaka maua mekundu wenyewe, bila soketi, mwezi huu huu... na kuna mahali nimeona umekatwa ili bango lionekane vizuri. Hilo ndilo ningepigia makofi kama angelisema.

Haya, ugomvi wangu mimi ni upi basi? Ni mwanga unaelekea wapi.

Jirani na chuo chetu kuna duka kubwa, sitalitaja. Upande wa barabara kuu, wanakopita wenye magari, kunawaka utadhani mchana. Taa juu ya taa. Sasa zunguka nyuma, kwenye uzio, ndiyo njia tunayopita sisi kutoka kituoni kwenda hosteli. Giza totoro! Huoni hata mkono wako. Uzio ule ule, mwenye mali yule yule, soketi ziko mita chache. Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa darasani kwetu alikuwa anatoka maktaba saa tatu usiku, wakamtokea vijana wawili wakamnyang'anya begi. Laptop ilikuwemo, na ndani yake ripoti yake nzima ya utafiti. Alipiga kelele, mlinzi wa upande wa taa akasema alisikia lakini hakuona kitu. Angeona nini sasa?

Tangu siku hiyo dada yetu anatoka maktaba saa kumi na mbili jioni. Na wenzake wa kike hivyo hivyo, wanaondoka makundi makundi kabla jua halijazama. Sisi wanaume tunabaki mpaka inafungwa. Kaa ufikirie: mtihani ni ule ule, kitabu ni nakala mbili tu maktaba nzima, mmoja anakisoma mpaka saa nne na mwingine anakiacha saa kumi na mbili kwa sababu nguzo haina taa. Halafu matokeo yakitoka tunasema wasichana wa Fizikia hawajitumi.

Nimehesabu nguzo kutoka geti mpaka hosteli. Ziko 14. Zinazowaka ni tatu. Nyingine ni zile za sola zilizozinduliwa kwa utepe na picha, betri zikachoka, paneli zikashika vumbi, hakuna aliyepanda ngazi tena. Sola si mbaya, betri inataka kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa na hiyo bajeti haina utepe wa kukata. Tupige hesabu ya mwisho basi. Nguzo 11 zilizokufa, weka kila moja taa ya LED ya wati 60, umeme wa kawaida, saa 12. Ni yuniti kama nane. Shilingi 2,800 na ushee kwa usiku. Chipsi kuku hupati kwa hela hiyo!

Msiniambie umeme hakuna. Krismasi ya 2023, mwaka wetu wa kwanza, nilikubali. Mgawo ulikuwa mkali, tulisoma kwa tochi za simu, na bado kuna watu waliwasha vimulimuli kwa jenereta. Lakini Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere pale Rufiji ukaingia kwenye gridi, na 2025 yote tisa ikawa imekamilika. Megawati 2,115. Sababu ya uhaba ilikuwa nzuri kwa wakati wake, sasa itafutwe nyingine.

Na serikali yetu ya wanafunzi nayo isijifiche nyuma yangu. Bash ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza mlifunga taa za rangi uwanja mzima, mpaka na ile ya kuzungukazunguka. Fundi mlimpata, waya mlipata, hela mlipata, ndani ya siku mbili. Alipoibiwa dada yetu tukatumiwa tangazo: "wanafunzi mnashauriwa kuepuka kutembea usiku." Tangazo hilo mwandishi wake analala hosteli gani?

Kwa hiyo simpi jamaa wa kimbwetani sahihi yangu ya kupiga marufuku. Taa za duka ziwake tu, swala nao waendelee kukimbia. Tunachoomba ni nyaya ishirini zihamishiwe uzio wa nyuma, na zikiisha sikukuu ibaki taa moja ya kawaida pale kwenye kona. Na chuo kifufue nguzo 11. Barua mbili nimeshaandika, moja ya duka na moja ya chuo, kila moja ukurasa mmoja na hesabu zimo. Mpaka jana usiku zilikuwa na sahihi 41, za kina dada 33. Wanaume wenzangu tuliobaki maktaba, nitakuwa kimbweta cha kwanza mkono wa kushoto kesho kuanzia saa saba mchana. Njoo na kalamu, yangu imeisha wino.