Hofu si Kukosa Imani

Kuna neno linalosemwa siku hizi katika vikundi vya sala, nasi hatulikubali hata kidogo: eti Mkristo mwenye wasiwasi hana imani. Waende basi wakamwambie hayo Yezu mwenyewe. Kule Getsemani alishikwa na huzuni na fadhaa, akawaomba wanafunzi watatu wakeshe naye (wakalala), akamrudia Baba mara tatu kwa ombi lilelile. Kikombe hakikuondolewa. Je, alikosa imani?

Anayemkataza kijana wa Goma au Bukavu kuogopa, huku risasi zikisikika mtaani, hamfundishi kusali. Anamfundisha kumficha Mungu kilichomo moyoni.

Wala hatukubaliani na wale wanaoifanya sala kuwa dawa ya usingizi. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mtumishi wa duane mjini Goma, alikuwa mtu wa sala na rafiki wa watoto wa mitaani. Walipotaka kumhonga ili apitishe chakula kilichoharibika, alikataa. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Sala haikumwondoa kazini, wala haikumfumba macho asione wale ambao wangekula chakula kile.

Basi, mwenzenu akisema katika shirika kwamba halali usiku kwa hofu, msimkemee, wala msimtajie mapepo. Mwacheni aiseme hofu yake yote mbele ya Bwana, kwa maneno yake mwenyewe, nanyi mkae naye hadi amalize.