Binti Zetu na Marjani

Watoto wetu wa madrasa hapa Arusha husoma neno marjani katika Surat Ar-Rahman tangu wadogo, ilhali wengi wao hawajaiona bahari. (Wapo wafasiri waliosema ni lulu ndogo, hilo tunawaachia masheikh.)

Baada ya swala ya Ijumaa wazazi kadhaa walituletea swali. Shule imepanga safari ya masomo kisiwani Chumbe, Zanzibar, wanafunzi wakatazame matumbawe kwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Wavulana wameruhusiwa bila neno. Wasichana wamezuiwa.

Mwamba wa Chumbe umehifadhiwa tangu 1994 na uvuvi umekatazwa. Kisiwani upo mnara wa taa wa mwaka 1904, na karibu yake msikiti wa zamani. Huko mwanafunzi hufahamu kwamba tumbawe si jiwe tu, bali ni makazi yaliyojengwa na viumbe hai wadogo sana, ambao hupauka na hata kufa maji yakizidi joto, kama ilivyotokea katika Bahari ya Hindi mwaka 1998.

Hoja ya stara ni ya haki, nayo ina ufumbuzi: vazi linalositiri mwili na kichwa, zamu ya wasichana peke yao, mwalimu wa kike majini. Tumewashauri wazazi waiandikie shule masharti hayo kabla ya kukataa.

Mama mmoja alitujibu kuwa bintiye hajui kuogelea. Pingamizi hilo tumeliheshimu kuliko yote, tukaongeza sharti la maboya. Kisha tukawauliza akina baba kuhusu wavulana wao. Hakuna aliyekuwa na jibu.