Wembe Usiwe Ule Ule



Watu wetu wana msemo, "wembe ni ule ule", wakimaanisha kwamba kilichompata wa jana kitampata na wa leo. Washabiki wa mpira wanaupenda sana. Lakini nyumbani, Jumamosi jioni, baba anapoketi uani na wembe mmoja mkononi, na watoto wanne wamejipanga wanyolewe kwa ajili ya Misa ya kesho, msemo huo hauchekeshi hata kidogo. Mwezi huu tunapenda kutoa maoni yetu bila kuficha: wembe ni wa mtu mmoja, kama ulivyo mswaki.

Tunasema hivyo kwa sababu mbili. Kwanza ni usalama. Wembe ukigusa ngozi huacha michubuko, mingine midogo isiyoonekana kwa macho, na huondoka na damu kidogo. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka. Chanjo ya ugonjwa huo iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga hapa Tanzania mwaka 2002. Kwa hiyo wengi wetu akina baba na akina mama hatukuipata utotoni. Virusi vya UKIMWI havidumu sana nje ya mwili, na njia yake kubwa siyo wembe, lakini damu ya mwenzako haina sababu ya kuingia mwilini mwako. Tena yapo mapunye, ambayo hupita toka kichwa cha mtoto mmoja hadi kingine kwa wembe au mashine ileile.

Sababu ya pili ni raha ya kunyoa. Wembe uliopita vichwa vinne umekwisha kuwa butu. Wembe butu haukati unywele vizuri, unauvuta, na ngozi ndiyo inayokwanguliwa.

Hapa tuseme neno juu ya vipele vya ndevu, maana vinawasumbua vijana wengi. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja tangu kwenye shina. Zikikatwa chini sana, ncha yake hubaki kali, na zinapoota tena hupinda na kujichoma ndani ya ngozi. Mwili huziona kama mwiba na kuvimba. Kijana akiona vipele huongeza kunyoa ili kidevu kiwe laini, na vipele navyo huongezeka. Wengine hununua krimu kali za dukani bila ushauri, zikaja kuchubua na kudhoofisha ngozi. Wengine huchokonoa kwa pini, wakaachiwa usaha na makovu. Dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ngozi ipumzike. Baada ya hapo, anayesumbuliwa atumie mashine inayobakiza unywele mfupi, kama milimita 1, badala ya wembe. Ndevu fupi zilizo safi si uchafu wala si utovu wa heshima kanisani.

Kwa anayetumia wembe, tunashauri hivi. Wahenga walisema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Walikuwa wanatoa onyo la maisha, lakini hata kwa kinyozi ni ushauri sahihi: unywele uliolowa hulainika na kukatika kwa urahisi. Maji yetu hapa Bigwa hushuka toka Uluguru yakiwa baridi, basi yapashe moto kidogo, ulowanishe ndevu kwa dakika 2 au 3. Paka povu la sabuni ya kuogea au krimu ya kunyolea; sabuni ya kufulia hukausha ngozi. Nyoa kufuata mwelekeo wa unywele unavyoota, taratibu, bila kukandamiza na bila kuvuta ngozi. Usirudie mahali pamoja mara nyingi. Viwembe vyenye makali mengi hukata chini mno, hivyo mwenye vipele atumie wembe wa makali mamoja. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi na upake mafuta mepesi yasiyo na manukato. Kuwashwa na spiriti baada ya kunyoa si dalili ya usafi.

Tunajua wapo watakaosema, "Nyumba ina watu wanane, tutanunua nyembe ngapi?" Wembe wa kawaida bei yake ni ndogo kuliko soda. Wenye kutumia kishikio cha kinyozi huvunja wembe mmoja katikati, ukiwa bado ndani ya karatasi yake, wakapata vipande viwili kwa watu wawili. Akina mama na mabinti wanaonyoa makwapa nao wawe na wembe wao, wasichukue wa kaka zao. Wembe uliotumika utiwe ndani ya kopo lenye kifuniko, kisha utupwe chooni, usije ukamkata mtoto achezaye jalalani.

Kwa kinyozi tusione haya kusema, "Naomba wembe mpya, ufungue nikiona." Mashine nayo isafishwe nywele, ipanguswe kwa spiriti na kuachwa ikauke kabla ya mteja mwingine kuketi. Kinyozi mzuri hatachukia. Na katika misiba, pale ambapo ndugu wa marehemu hunyolewa, mila hiyo hatuipingi. Tunachopinga ni wembe mmoja kuzunguka kichwa hadi kichwa. Jumuiya ndogondogo inayopeleka unga na kuni msibani, ipeleke na pakiti ya nyembe.

Tusiidharau kazi hii. Mtakatifu Martino wa Porres, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Yohane XXIII mwaka 1962, alijifunza kwanza ukinyozi kule Lima, nchini Peru, zama ambazo kinyozi alitibu pia vidonda. Kwa mikono hiyohiyo alihudumia maskini. Leo yeye ni msimamizi wa vinyozi.

Mwisho tunawageukia akina baba. Mwanao akianza kuota ndevu hatakuambia. Atachukua wembe wako kwa siri na kujinyoa akiwa amesimama gizani, bila maji. Usingoje umwone na vipele. Mnunulie wembe wake, pasha maji, keti naye uani, umwonyeshe ndevu zake zinaelekea wapi.