Samli Imekosa Nini?

Shangazi alikuwa anafunga mzigo wa kumpelekea mwanawe Hamburg. Kitandani kulikuwa na dagaa wa Mwanza waliokauka vizuri, chupa ya asali ya Tabora, pakiti mbili za nyama ya kukausha, na kopo la samli alilolizungushia mifuko mitatu kana kwamba lingetoroka njiani. Nikamsomea masharti ya Umoja wa Ulaya. Abiria anayetoka huku kwetu haruhusiwi kubeba nyama wala maziwa, wala chochote kilichotokana nayo, hata kama ni cha kula mwenyewe. Samaki waliokaushwa ruksa, hadi kilo 20. Asali mwisho kilo 2. Shangazi akaitoa nyama bila ubishi. Samli ndiyo iliyomuuma. "Samli imewakosea nini Wazungu?"

Swali lake si la kijinga. Kinachoogopwa ni virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo, ambavyo vinaishi katika nyama mbichi, kwenye mifupa na hata kwenye maziwa, na ambavyo huku kwetu havijawahi kwisha. Samli imechemshwa hadi maji yameisha. Daktari wa mifugo ukimbana atakiri kwamba hatari iliyomo katika kopo lile ni ndogo. Lakini ofisa wa forodha hajui jiko la Shangazi lilikuwa na moto kiasi gani, na kopo halina karatasi ya kumwambia.

Na hofu ile ina historia. Mwaka 2001 Uingereza ilipata mlipuko wa ugonjwa huo uliotokea kwenye zizi la nguruwe waliolishwa makombo ya jikoni. Dhana iliyokubalika zaidi ni kwamba ndani yake mlikuwa na nyama iliyoingizwa kwa magendo. Wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa. Miaka sita baadaye homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, ilitokea Georgia, na wataalamu wengi wanaamini ilishuka na mabaki ya chakula cha meli katika bandari ya Poti. Kutoka hapo ikaenea Urusi, na mwaka 2018 ikafika China. Kipande cha nyama kilichotupwa jalalani kinaweza kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaosema kila sharti la Ulaya ni njama ya kutufungia soko.

Ila njama nyingine zipo, au tuseme woga unaofanana na njama. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaukumbuka. Januari 1998 Ulaya ilizuia samaki wabichi wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa sababu ya kipindupindu, wakati Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema hatari ya kipindupindu kusafiri na samaki hao ni ndogo mno. Tanzania iliipeleka hoja hiyo hadi Shirika la Biashara Duniani, na katikati ya mwaka zuio likaondolewa. Mwaka uliofuata ukaja msukosuko mwingine, na safari hii sababu ilikuwa ya kweli: kuna watu walikuwa wanavua kwa sumu. Zuio likarudi.

Tofauti ya mazuio hayo mawili ndiyo inayonivutia. Lile la kipindupindu halikutuachia la kufanya zaidi ya kulalamika na kusubiri. Lile la sumu lilikuja na orodha ya kazi. Nchi ilitakiwa iwe na mamlaka moja inayojibu maswali yote, maabara inayoaminika, viwanda vinavyokaguliwa na kupewa namba, na cheti cha afya kwa kila shehena. Masharti mazito, lakini yanasomeka. Maabara ikasimama Nyegezi, Mwanza. Kwenye mialo mingi zikamwagwa sakafu za zege ili samaki asilale mchangani. Vikaja vyoo, uzio, barafu. Tanzania ikaruhusiwa tena kupeleka sangara, kisha Uganda, kisha Kenya, zote kufikia mwisho wa 2000.

Nisije nikaonekana nasifia tu. Usafi ule ulijengwa kwa ajili ya tumbo la mtu wa Madrid. Minofu ilipanda ndege ndani ya boksi lenye namba ya kiwanda, na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, yakaanikwa juani yaliwe na watu wa hapahapa, nzi wakiwa wakaguzi. Serikali zetu zilithibitisha kwamba zinaweza kukagua samaki. Zikachagua nani akaguliwe kwa ajili yake.

Sasa tuje nyumbani, maana huku ndiko uchungu ulipo. Oktoba 2017 Tanzania ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingia kutoka Kenya kupitia Namanga. Sababu iliyotolewa ni mafua ya ndege. Ugonjwa huo si wa kuchezea, na mwanzoni mwa mwaka huohuo ulikuwa umethibitishwa Uganda, kando ya ziwa tunalochangia. Lakini picha za vifaranga ndani ya moto zilizunguka Afrika Mashariki yote kabla hatujasikia vilipimwa wapi na majibu yalisemaje. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama inampa ofisa uwezo wa kuteketeza. Haimzuii kupima kwanza.

Maziwa nayo yana kisa chake. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huwezi kumtoza jirani ushuru wa forodha kwa bidhaa iliyozalishwa kwake. Ushuru ukiondoka, kazi yake hupewa kibali. Mwaka 2018 Tanzania ilipandisha tozo ya kibali cha kuingiza maziwa kutoka shilingi 150 hadi 2,000 kwa kila lita au kilo. Hakuna kijidudu kinachokufa kwa kutozwa shilingi 2,000. Mapema 2020 Kenya ilikamata shehena za maziwa ya Lato yanayotengenezwa Mbarara, na Uganda ikaja juu. Mnunuzi wa Busia hakuambiwa maziwa yale yana bakteria gani.

Halafu Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ikasimamisha kwa barua uingizaji wa maziwa ya unga, na ikasema sababu wazi: mvua zinakuja, maziwa yatakuwa mengi, bei ya mkulima itaanguka. Waganda walikasirika, na wana haki, kwa sababu soko la pamoja halikuundwa lifungwe kila masika. Lakini naipendelea barua ile kuliko moto wa Namanga. Sababu ya bei unaweza kuijadili mezani, ukauliza itadumu hadi lini na mkulima amepata nini. Ugonjwa usio na majibu ya maabara haujadiliki, na siku ugonjwa wa kweli ukifika wafugaji watadhani ni maneno yaleyale.

Kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinairuhusu nchi kuzuia chakula kabla ushahidi haujakamilika, ilimradi iendelee kuutafuta na iupitie uamuzi wake ndani ya muda wa busara. Kenya, Uganda na Tanzania zote ni wanachama. Kinachokosekana ni karatasi moja ukutani mpakani: ugonjwa gani, kipimo gani, tarehe ya kuangalia upya ni ipi. Namanga tangu Desemba 2018 ina kituo cha pamoja, na maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Daktari wa mifugo wa upande huu akisaini cheti, wa upande ule anaweza kunyoosha mkono akakipokea wino ukiwa bado mbichi.

Shangazi, kwa upande wake, alilifungua lile kopo akakaangia vitumbua. Dagaa walifika Hamburg salama.